Lile Tundu la Mbele: Kutengeneza Boksi la Spika ya Besi ya Kati

Lile tundu lililo mbele ya boksi la spika ni la nini? Wengine hudhani ni la kupoza spika isiungue. Wengine hulichukulia kuwa pambo. Wapo pia waliosikia kwamba besi hutokea hapo, wakaenda kwa seremala na kutoboa matundu matatu badala ya moja, wakitaraji besi mara tatu. Nyuma ya swali hilo huja la pili: kwa nini spika iliyonguruma vizuri ndani ya boksi la jirani imepoa mara tu nilipoihamishia kwenye boksi langu? Maswali haya mawili yana jibu moja, na sura hii yote ni ya jibu hilo.

Katika Wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, jambo hili lina uzito wake. Barabara inayotoka mjini Kasese huelekea kusini hadi Kikorongo, kisha hukata kulia kwenda Bwera na mpaka wa Mpondwe. Ng'ambo ya mto Lhubiriha ni Kasindi, Kongo. Muziki huvuka mto huo pamoja na watu na mizigo: rumba na sebene, ambamo gitaa la besi ndilo huubeba wimbo mzima. Kanisani kuna kwaya na kinanda. Harusini kuna yote mawili. Spika tupu, yaani koni yenye sumaku nyuma yake, hununuliwa dukani, boksi hutengenezwa na seremala wa papa hapa, ambaye mara nyingi huletewa boksi la zamani na kuambiwa, "Nifanyie kama hili." Kwa maoni yangu besi nyingi nzuri hupotelea hapo. Seremala hufanya kazi yake kwa uaminifu, pembe zimenyooka, mbao zimeshikana, lakini boksi aliloliiga lilipimwa kwa spika nyingine, au halikupimwa kabisa.

Boksi hupimwa kutokana na spika itakayokaa ndani yake. Vipimo vyake unaweza kuvipata mwenyewe kwa simu, amplifaya na mita ya umeme.

Sauti mbili zinazofutana

Chukua spika tupu ya inchi 8, iunganishe na amplifaya, piga wimbo wenye besi. Utasikia sauti ya waimbaji na gitaa la solo, lakini besi karibu haipo. Sasa kata shimo katikati ya ubao mpana, bana spika hapo, piga wimbo uleule. Besi imeongezeka, na hujagusa kitufe chochote.

Koni ikienda mbele, hewa iliyo mbele yake hubanwa. Wakati huohuo hewa iliyo nyuma yake hulegezwa. Kwa hiyo spika hutoa sauti mbili, moja mbele na moja nyuma, na kila moja ni kinyume cha mwenzake. Sauti za besi hupinda kwa urahisi kuzunguka kingo za spika; zile mbili zinakutana pembeni na kufutana. Ubao mpana huzitenganisha. Boksi huzitenganisha zaidi.

Njia rahisi ni kuliziba boksi pande zote, ili sauti ya nyuma ifungiwe humo isitoke. Boksi la namna hiyo hufanya kazi, tena husamehe makosa mengi ya seremala. Lakini nusu ya kazi ya koni inabaki gizani. Boksi lenye tundu huichukua nusu hiyo, huigeuza, kisha huitoa nje ikiwa inaelekea upande mmoja na sauti ya mbele. Maboksi mawili yakiwa na ukubwa uleule na yakishuka hadi besi ileile, lenye tundu huhitaji takriban nusu ya umeme unaohitajiwa na lililozibwa ili kutoa sauti sawa. Kwa anayepiga muziki kwa betri ya sola au jenereta ndogo huko milimani, hiyo ni saa za ziada za muziki usiku.

Jinsi tundu linavyogeuza sauti

Puliza juu ya mdomo wa chupa tupu ya soda. Inalia noti moja tu. Ongeza maji ndani yake, noti inapanda. Hewa iliyo shingoni mwa chupa ina uzito, na hewa iliyo tumboni ni springi: ikibanwa husukuma, ikilegezwa huvuta. Uzito ukikaa juu ya springi hutikisika kwa kasi yake maalumu. Mwanasayansi Mjerumani Hermann von Helmholtz alilieleza jambo hili katika kitabu chake kuhusu hisia za sauti kilichotoka mwaka 1863.

Boksi la spika lenye tundu ni chupa hiyohiyo. Tumbo ni boksi, shingo ni bomba lililowekwa kwenye tundu. Koni inapocheza kwa kasi inayokaribiana na ile ya boksi, hewa ya ndani ya bomba hutikisika kwa nguvu nyingi, nayo huchelewa kiasi cha kutosha kutoka nje ikikubaliana na koni. Katika noti hiyo moja koni yenyewe karibu inatulia, na bomba ndilo linaloimba. Hiyo ndiyo kazi ya tundu. Ukiongeza matundu bila hesabu, umebadilisha noti ya boksi, mara nyingi ukaipandisha juu mno, na kinachobaki ni mvumo wa noti moja unaofunika kila wimbo.

Albert Thuras wa maabara za Bell, Marekani, aliomba hataza ya boksi la aina hii mwaka 1930 na kuipata mwaka 1932. Kwa miaka mingi baadaye watengenezaji walikisia tu. Ukisiaji uliisha kwa sababu ya watu wawili waliofanya kazi Australia: Neville Thiele, aliyeandika mwaka 1961 kuhusu spika ndani ya maboksi yenye matundu, na Richard Small, aliyeikamilisha kazi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1970 katika Chuo Kikuu cha Sydney. Walionyesha kwamba namba chache zinazopimwa kwenye spika zinatosha kuamua boksi lake. Karatasi za viwandani hadi leo huziita namba hizo kwa majina yao.

Besi ya kati inaanzia wapi?

Kasi ya mtetemo hupimwa kwa hezi, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde moja. Gitaa la besi la nyuzi nne likipigwa bila kubanwa, nyuzi zake hutoa karibu hezi 41, 55, 73 na 98. Sauti ya mwanamume anapozungumza huanzia takriban hezi 85 kwenda juu. Spika ya besi ya kati ndiyo inayobeba eneo hilo, tuseme kuanzia hezi 60 hadi 300 na zaidi: mwili wa gitaa la besi, mpigo wa ngoma unaogusa kifua, uzito wa sauti ya mhubiri. Mngurumo wa chini kabisa, unaotikisa mabati, ni kazi ya sabufa. Mlio wa juu ni kazi ya twita.

Ukimwuliza fundi, wateja wengi huagiza sabufa. Ninachowashauri waanze nacho ni besi ya kati. Spika ya inchi 8 iliyowekwa kwenye boksi sahihi huifanya sebene isikike kwa ukamilifu, na noti ile ya hezi 41, ambayo spika hii haiwezi kuitoa vizuri, sikio huikamilisha lenyewe kutokana na milio yake ya juu ya hezi 82 na 123.

Namba tatu za spika

Karatasi ya kiwanda, kama ipo, huwa na namba nyingi. Kwa boksi tunahitaji tatu.

Ya kwanza huandikwa Fs. Ni kasi ambayo koni hupenda kutikisika ikiachwa huru, ikihesabiwa kwa hezi.

Ya pili ni Qts. Hii ni namba tupu isiyo na kipimo, nayo huonyesha jinsi koni inavyoshikwa breki na sumaku pamoja na mpira wa pembeni. Sumaku yenye nguvu huleta namba ndogo. Sumaku dhaifu huleta namba kubwa, na koni yake huendelea kuyumba baada ya noti kwisha.

Ya tatu ni Vas, kwa lita. Ni ujazo wa hewa ambao ukibanwa na koni hiyo unakuwa mgumu sawasawa na mpira na kitambaa kinachoishikilia koni. Spika laini ina Vas kubwa, spika ngumu ina Vas ndogo.

Spika nyingi za sokoni hazina karatasi. Nyingine zina karatasi isiyofanana na kilichomo ndani ya kasha. Kwa hiyo pima.

Utahitaji programu ya simu inayotoa mlio wa hezi unazochagua, amplifaya, rizista ya omu 1,000, rizista nyingine ya omu 10, na mita ya umeme inayoweza kusoma milivolti za mkondo geu. Rizista ni kile kijipande kidogo kinachozuia umeme usipite wote, na omu ni kipimo cha kuzuia huko. Angalia mita vizuri kabla ya kununua: nyingi za bei nafuu huanzia volti 200 upande wa mkondo geu, na hizo hazitakufaa hapa.

Unganisha amplifaya, rizista ya omu 1,000 na ile ya omu 10 kwa mfululizo. Piga mlio wa hezi 50. Ongeza sauti taratibu mpaka mita, ikiwa imeshikwa kwenye ncha mbili za rizista ya omu 10, isome milivolti 100. Kuanzia hapo kila milivolti 10 ni omu moja. Usiguse tena kitufe cha sauti. Toa rizista ya omu 10, weka spika mahali pake ikiwa imening'inizwa hewani, mbali na ukuta na meza.

Nitatumia spika moja ya mfano ya inchi 8 hadi mwisho wa sura. Kwanza pima omu zake kwa mita pekee, bila mlio: tupate 6. Kisha pandisha mlio kutoka hezi 20 kwenda juu. Mita inapanda, inafika kilele, inashuka. Kilele chetu ni milivolti 540, yaani omu 54, kwenye hezi 55. Basi Fs ni 55.

Sasa Qts. Gawanya omu 54 kwa 6, unapata 9, na kipeuo chake cha pili ni 3. Zidisha omu 6 kwa 3: ni 18. Tafuta mahali pawili ambapo mita inasoma omu 18, yaani milivolti 180, pa kwanza chini ya kilele na pa pili juu yake. Tumepata hezi 36 na hezi 84. Tofauti yake ni 48. Qts ni Fs kugawanywa kwa tofauti hiyo, kisha kwa ile 3:

55 ÷ 48 ÷ 3 = 0.38

Kipimo hiki kina njia ya kujihakiki. Zidisha 36 kwa 84, tafuta kipeuo cha pili. Jibu linapaswa kukaribia Fs. Hapa ni 55 kamili. Likikosea kwa hezi kadhaa, rudia.

Kwa Vas, bana spika kwenye boksi lolote imara lililozibwa kabisa na ambalo ujazo wake unaujua. Tuchukue la lita 20. Kilele kitahama juu, kwa sababu hewa ya ndani imeongeza ugumu. Chetu kimehamia hezi 89. Gawanya 89 kwa 55, zidisha jibu kwa lenyewe, toa 1, zidisha kwa 20. Tunapata karibu lita 32.

*Kwa ufupi:* spika yetu ina Fs ya hezi 55, Qts ya 0.38 na Vas ya lita 32. Boksi lote litatokana na namba hizi tatu.

Hewa ya Kasese

Kasese iko zaidi ya mita 900 juu ya usawa wa bahari. Shinikizo la hewa huko ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya kumi kuliko Mombasa au Dar es Salaam, na ugumu wa hewa ndani ya boksi hupungua kwa kiasi hichohicho. Kwa sababu hiyo spika ambayo karatasi yake inasema Vas ni lita 36 itapimwa Kasese kuwa lita 32. Spika haijaharibika, na kiwanda hakikudanganya. Ukipima mwenyewe mahali utakapoitumia, tofauti hiyo imekwisha kuingia kwenye jibu. Ukitegemea karatasi tu, zidisha Vas kwa 0.9 kabla ya kuendelea.

Noti ya bomba haiguswi na mwinuko. Hewa nyepesi hupunguza ugumu wa springi na uzito ulio bombani kwa kipimo kimoja, kwa hiyo noti hubaki palepale. Joto ndilo huigusa. Kati ya asubuhi ya nyuzi 18 na mchana wa nyuzi 32 bondeni Kasese, sauti husafiri kwa kasi zaidi kidogo, na noti ya hezi 55 hupanda kwa hezi moja hivi. Sikio halitalitambua hilo, na hakuna haja ya kulihangaikia.

Ujazo wa boksi na noti yake

Kazi ya Thiele na Small imefupishwa na waliowafuata kuwa hesabu inayoweza kuandikwa kwenye kipande cha ubao. Tafuta Qts yako, zidisha Vas kwa namba ya kwanza upate lita za boksi, na Fs kwa namba ya pili upate noti ya boksi:

- Qts 0.30: ujazo 0.47, noti 1.24
- Qts 0.35: ujazo 0.74, noti 1.08
- Qts 0.38: ujazo 0.93, noti 1.00
- Qts 0.40: ujazo 1.08, noti 0.96
- Qts 0.45: ujazo 1.52, noti 0.86

Tazama jinsi ujazo unavyoruka. Kutoka 0.30 hadi 0.45 boksi linakuwa kubwa zaidi ya mara tatu kwa Vas ileile. Hii ndiyo sababu kuiga boksi la jirani hakufai, hata kama spika zote mbili ni za inchi 8 na zinafanana kwa macho. Qts ikipita 0.5, achana na tundu, tengeneza boksi lililozibwa. Spika yenye breki dhaifu ikiwekewa tundu hutoa besi nzito inayochelewa, na kwaya huisikia hiyo kabla ya mtu mwingine yeyote.

Kwa spika yetu: 32 kwa 0.93 ni lita 30, na noti ni hezi 55.

Bomba

Bomba la plastiki la maji machafu la inchi 4 linapatikana karibu kila duka la vifaa vya ujenzi, na upana wake wa ndani ni karibu sentimita 10. Urefu wake hupatikana hivi:

1. Zidisha upana wa ndani kwa wenyewe: 10 × 10 = 100.
2. Zidisha kwa 23,562: inakuwa 2,356,200.
3. Gawanya kwa noti ikizidishwa kwa yenyewe, 55 × 55 = 3,025, kisha kwa lita 30. Jibu ni karibu 26.
4. Toa upana mara 0.73, yaani 7.3. Tunabaki na 18.7.

Hatua ya nne ipo kwa sababu hewa iliyo nje tu ya midomo ya bomba nayo hutikisika pamoja na ya ndani, kwa hiyo bomba hujiona refu kuliko lilivyo. Bomba letu basi ni la sentimita 18.7, unene wa ubao wa mbele ukiwemo.

Ungetumia bomba la sentimita 5, kama yale ya mapambo yanayouzwa pamoja na vitambaa vya spika, urefu usingefika sentimita 3. Ni rahisi kulifunga, lakini hewa ileile ingelazimika kupita kwenye robo ya nafasi, na sauti ikipanda ungesikia mpulizo juu ya muziki. Mimi huchagua bomba la inchi 4 kwa spika ya inchi 8 bila kusita. Lainisha kingo za mdomo wake kwa msasa ziwe za mviringo, ndani na nje.

Mbao

Lita 30 ni za hewa tupu. Spika yenyewe hula kama lita 1.5, bomba karibu 1.8, na vipande vya kukaza boksi tuseme 1.2. Jumla ni lita 34.5. Kipimo cha ndani kinachofaa ni upana sentimita 26, kina 30, kimo 44. Usitengeneze boksi lenye pande tatu sawa; sauti hurudi kutoka kila ukuta kwa urefu uleule na kuongeza noti ambayo hukuiomba.

Kwa mbao za milimita 18, vipande vya boksi moja ni:

- mbele na nyuma: viwili vya sentimita 29.6 × 47.6
- ubavuni: viwili vya 30 × 47.6
- juu na chini: viwili vya 26 × 30

Karatasi moja ya plaiwudi ya futi 4 kwa 8 hutoa maboksi mawili na kubakiza vipande vya kukazia. MDF, yaani ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, hukatika vizuri na haina mashimo ndani, lakini ikinywa maji huvimba kama mkate na hairudi. Kwa mvua zinazoshuka kutoka Rwenzori, na kwa boksi litakalopakiwa juu ya gari kwenda harusini Bwera, nachagua plaiwudi. Gonga karatasi kwa kifundo cha kidole kabla ya kulipa. Panapolia tupu pana pengo kati ya tabaka, na pengo hilo litakuja kunguruma.

Weka spika na bomba kwenye ubao wa mbele, bomba likiwa chini. Boksi lina kina cha sentimita 30. Bomba linaingia ndani karibu sentimita 17, hivyo nyuma yake zinabaki 13. Usikubali pengo hilo lipungue chini ya upana wa bomba, kwa sababu hewa inahitaji nafasi ya kugeuka. Kipande kimoja cha ubao kinachounganisha kuta mbili za ubavuni katikati ya boksi kinatosha kuzizuia zisitetemeke.

Kuvuja ndiko huharibu maboksi mengi, na ndiko wapokeaji wa kazi husahau kukagua. Paka gundi ya mbao kila ungio, kaza kwa skrubu, kisha pitisha gundi iliyochanganywa na unga wa msumeno kwenye pembe zote za ndani. Weka ukanda wa sponji nyembamba chini ya ukingo wa spika. Zungushia silikoni mahali nyaya zinapotokea. Baadaye funika mdomo wa bomba kwa kiganja, sukuma koni ndani polepole kwa vidole vilivyotandazwa pande zote mbili, uiachie. Boksi lisilovuja huirudisha koni taratibu. Ikiruka upesi, tafuta hewa inapotokea.

Kuta za ndani, isipokuwa ya mbele, zivike sponji ya godoro ya sentimita 2 au 3. Inameza mwangwi wa sauti za kati. Usijaze boksi lote, na usikaribie mdomo wa bomba.

Hatari iliyo chini ya noti

Kwenye hezi 55 boksi huilinda koni. Chini ya hapo ulinzi huisha haraka: hewa inatoka na kuingia bombani bila kizuizi, koni inayumba bila kushikwa, na sauti yenyewe haitoki. Spika nyingi za besi ya kati hupasuka au hukwaruza koili namna hii, mtu akiongeza besi kwa sababu haisikii. Kama amplifaya yako ina kitufe cha kukata sauti za chini kabisa, kitumie. Kama unapiga kwa simu au kompyuta yenye vitelezi vya kurekebisha sauti, kiteremshe kabisa kile cha hezi 31 na ukiache cha 62 katikati.

*Kwa ufupi:* boksi lenye tundu hutoa besi zaidi kwa umeme kidogo hadi kwenye noti yake, na chini ya noti hiyo linahitaji ulikinge wewe.

Kulipatanisha boksi

Hesabu hutufikisha karibu. Lita zinaweza kutofautiana kidogo kwa sababu ya gundi na vipande vya kukazia, kwa hiyo anza na bomba refu kuliko ulilokokotoa, la sentimita 22, na ulibane kwa muda bila gundi ya kudumu. Zungushia mkanda lisivuje.

Rudisha mpango ule wa rizista ya omu 1,000 na mita. Safari hii, ukipandisha mlio kutoka hezi 20, mita itapanda mara mbili na kushuka katikati. Bonde lililo kati ya vilele viwili ndiyo noti ya boksi lako. Unaweza kuihakikisha kwa vidole: toa rizista, piga mlio wa kiasi, gusa koni kwa upole huku ukibadilisha hezi. Kuna mahali ambapo koni karibu inatulia huku upepo ukitoka kwa nguvu mdomoni mwa bomba. Ni palepale mita ilipoonyesha bonde.

Kwa bomba la sentimita 22 utasoma hezi 52 hivi. Chomoa bomba, punguza sentimita moja kwa msumeno, rudisha, pima. Kila sentimita hupandisha noti kwa karibu hezi moja. Ukikata kupita kiasi, nunua kipande kingine. Bomba ndicho kitu rahisi kuliko vyote katika kazi hii, na hakuna sababu ya kulivumilia lililo fupi. Mita ikionyesha bonde kwenye hezi 55, futa vumbi, paka gundi kuzunguka bomba kwa ndani na nje, na uache boksi likauke hadi kesho yake kabla ya kufunga spika kwa skrubu zake zote.